Fahamu Mafuta: Povu la Sabuni Hufanya Nini Ndani ya Mwamba?

Wengi hudhani mafuta ya Lokichar yamekaa chini ya ardhi kama ziwa. La. Yamo ndani ya mwamba wa mchanga, kama maji tunayochimba kwenye laga wakati wa kiangazi: huyaoni, lakini yamejaa katika vitundu vidogo kati ya chembe na chembe.

Kazi ni kuyatoa. Presha ya asili ikipungua, mafuta mengi hubaki yameng'ang'ania mwambani, na kampuni hulazimika kuyasukuma kwa maji au gesi. Kwa mafuta yetu, ambayo yana nta nyingi, mpango uliotangazwa ni wa maji, na ndiyo maana bwawa la Turkwel hutajwa kila mara. Kwingineko hutumia gesi. Lakini gesi ni nyepesi na ina haraka: hufuata njia pana, huwahi kufika kwenye kisima cha kutolea na kuyaacha mafuta nyuma.

Hapo ndipo povu huhitajika. Maji yenye kemikali ya jamii ya sabuni huingizwa ardhini pamoja na gesi, au kwa zamu. Gesi ikipenya kwenye mianya myembamba hukatika kuwa viputo, na kila kiputo hutengwa na kingine kwa utando wa maji. Utando huo huziba mwanya kama mbuzi aliyesimama mlangoni mwa boma. Usidhani povu hutiririka kama mto. Gesi nyingi hunaswa katika viputo visivyosonga. Inayosonga husukuma tando, nazo hupasuka hapa na kuzaliwa upya pale. Povu huwa zito zaidi penye mianya mipana, hivyo gesi hugeukia sehemu finyu ambako mafuta yalibaki.

Norwe walilijaribu kwa kiwango kikubwa mwishoni mwa miaka ya 1990, katika eneo la Snorre, Bahari ya Kaskazini. Takriban tani 2,000 za kemikali zilitumika, na gesi ikachelewa kufika visimani.

Adui wa povu, ajabu, ni mafuta yenyewe: yakigusa tando, mara nyingi huzipasua. Sabuni nayo hunata mwambani, nyingine ikapotea njiani. Kwa hivyo mwekezaji akitaja povu katika kikao cha kushirikisha umma, muulize: ni kemikali gani, kiasi gani, maji ya kuichanganya yatatoka wapi, na maji yatakayorudi juu pamoja na mafuta yatapelekwa wapi?