Namna ya Kulinganisha Hospitali Mbili kwa Haki

Mkulima wa chai wa Itumbe akisikia jirani amepeleka kilo nyingi kituoni, huuliza kwanza ana mashina mangapi. Hospitali nazo zipimwe hivyo. Kusema "inahudumia watu wengi" hakutoshi mpaka ijulikane ina vitanda vingapi na inapokea wagonjwa wa aina gani. Ukiwa kwenye kamati ya afya, au ukitaka kuhoji bajeti ya kaunti, fuata hatua hizi.

1. Linganisha za daraja moja. Nyamache na Kenyenya ni hospitali za kaunti ndogo katika Kaunti ya Kisii. Zinaweza kuwekwa pamoja. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii hupokea waliozidiwa kutoka kote huko, kwa hiyo itafutie mwenzake wa rufaa.

2. Omba jumla, usiombe majina. Kila mwezi afisa wa rekodi hujaza fomu ya MOH 717: vitanda, waliolazwa, walioruhusiwa, waliofariki na siku za kulazwa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuomba takwimu hizo, na ofisi ya umma yapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Andika barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

3. Piga hesabu tatu. Tuseme hospitali mbili, kila moja ina vitanda 60. Kwa mwezi wa siku 30, hizo ni siku-kitanda 1,800. Ya kwanza ilikuwa na siku za kulazwa 1,260 na wagonjwa 315 waliotoka (walioruhusiwa pamoja na waliofariki); ya pili siku 1,530 na wagonjwa 170.

- Matumizi ya vitanda (gawanya siku za kulazwa kwa siku-kitanda): asilimia 70 na 85.
- Wastani wa kukaa wodini (gawanya siku za kulazwa kwa waliotoka): siku 4 na siku 9.
- Wagonjwa kwa kila kitanda (gawanya waliotoka kwa vitanda): 5.25 na 2.8.

Ukitazama asilimia peke yake, ya pili ndiyo inayochapa kazi. Kumbe ya kwanza imehudumia karibu mara mbili ya watu wa ya pili. Ndiyo maana mwaka 1986 mtafiti Pabón Lasso alipendekeza vipimo hivi visomwe pamoja kwenye mchoro mmoja.

4. Uliza sababu kabla ya kulaumu. Aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda hukaa wodini muda mrefu kuliko mama aliyejifungua salama, basi linganisha wodi kwa wodi. Kisha uliza: ni wangapi daktari amewaruhusu lakini bado wako kitandani kwa sababu ya bili? Mahakama Kuu iliamua mwaka 2015 kwamba kuwazuilia hivyo ni kinyume cha sheria, na kila siku wanayozuiliwa inapandisha takwimu bila kumponya mtu. Uliza pia kuhusu majibu ya maabara na eksirei: mgonjwa anayeyasubiri siku mbili amekalia kitanda siku mbili.

5. Vifo vihesabiwe kwa uangalifu. Mwaka 1863 kitabu cha Florence Nightingale kuhusu hospitali kilichapisha hesabu iliyogawanya vifo vya mwaka mzima kwa wagonjwa waliokuwamo siku moja tu. Hospitali za London zikaonekana kupoteza zaidi ya 90 katika kila 100, na madaktari wakaipinga vikali. Wewe gawanya vifo kwa wote waliotoka, wazima na waliofariki, na utenge waliofariki ndani ya saa 48 za kwanza. Wengi wao hufika wakiwa wamechelewa, na hapo huenda tatizo ni ambulensi au barabara.

6. Peleka kikaoni swali moja lenye tarakimu. Kwa mfano: "Kwa nini wodi ya wanaume ni siku 9 hapa na siku 4 kule?" Mkubaliane jambo moja la kurekebisha na nani atalisimamia. Baada ya miezi mitatu, rudia hesabu ileile kwa wodi ileile. Siku zikishuka, hakikisha wanaorudi kulazwa tena hawajaongezeka. Mgonjwa aliyetolewa kabla hajapona hajapunguzia hospitali gharama yoyote.