Jumatano: Mtu Mmoja Aliyekuwa Bado Hajasamehe

Soma Mathayo 5:23, 24. Katika mafungu haya, ni nani aliye na neno juu ya mwenzake? Ni nani anayeagizwa kuondoka na kwenda?

Eric Lomax, afisa wa jeshi la Uingereza, alitekwa na Wajapani Singapore ilipoanguka mwaka 1942. Alipelekwa Thailand, ambako mateka walilazimishwa kujenga reli ya kwenda Burma. Mwaka 1943, baada ya kugunduliwa redio ambayo mateka waliiunda kwa siri, alipigwa hata mikono yake yote miwili ikavunjika, kisha akateswa kwa maji. Aliyetafsiri maswali wakati wa mateso hayo alikuwa Takashi Nagase. Nagase hakushika fimbo, lakini sauti yake ndiyo iliyobaki masikioni mwa Lomax, na kwa miaka karibu hamsini alitamani kulipiza kisasi.

Nagase naye hakuwa na raha. Vita ilipokwisha alisaidia kuyatafuta makaburi ya mateka kandokando ya reli. Alirudi Thailand mara nyingi, akajenga hekalu la amani karibu na daraja la mto Kwai. Katika kitabu chake aliandika kwamba aliposimama makaburini alijisikia amesamehewa.

Patti, mke wa Lomax, alikisoma kitabu hicho. Alimwandikia Nagase na kumwuliza: aliwezaje kujisikia amesamehewa, hali mateka huyu mmoja alikuwa bado hajamsamehe?

Soma Mambo ya Walawi 6:4-6. Ni kipi kinachotangulia hapa: kumrudishia aliyedhulumiwa, au kuleta sadaka?

Matendo ya Nagase hayakuwa ya unafiki. Wachache wangefanya nusu yake. Lakini waliolala makaburini hawakuweza kumjibu, na aliyeweza kumjibu alikuwa hai Uingereza, akiamshwa usiku na ndoto za kutisha. Ni rahisi kutoa sadaka, kufunga na kuomba, huku tukiipita kando nyumba ya mtu yule yule tuliyemkosea.

Mwaka 1993 wazee hao wawili, wote wamepita miaka 70, walikutana Kanchanaburi, karibu na daraja. Nagase aliinama, akitetemeka, akaomba radhi tena na tena. Lomax hakumpa msamaha siku hiyo. Baadaye, huko Japani, alimkabidhi barua ya kumsamehe. Hakuwa amesahau lolote. Miaka miwili baada ya kukutana alichapisha kitabu kilichoeleza mateso yake waziwazi. Waliendelea kuwa marafiki hadi Nagase alipofariki mwaka 2011. Lomax alifariki mwaka uliofuata.

Je, yuko mtu ambaye umemwombea Mungu akusamehe kwa ajili yake, lakini yeye mwenyewe hujamwendea? Ni nini kinachokuzuia wiki hii?