Alama 60 hazitoshi

SWALI: Nafundisha Kichina kwa wanaoanza, Dar es Salaam. Wanafunzi wangu hufanya jaribio la uchunguzi mtandaoni, lakini mwisho wake napata alama tu. Nizifanyie nini?

JIBU: Mwalimu, achana na jumla, fungua majibu ya swali mojamoja. Wawili wenye 60 huenda hawafanani kabisa: mmoja hasikii toni, mwingine anasikia vizuri ila herufi zinamshinda.

Chukua mǎi (kununua) na mài (kuuza). Mwanafunzi akizichanganya, mpe sauti pekee achague toni. Kisha mpe 买 na 卖 bila sauti. Akikosea kwenye sauti tu, tatizo ni sikio, na si ajabu: Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni. Huyo anahitaji dakika chache za kusikiliza jozi kama hizo kila kipindi, si orodha ndefu ya msamiati. Akikosea kwenye herufi tu, aandike kwa mkono; kuchapa kwa pinyin kunaficha udhaifu huo, kwa kuwa simu ndiyo inayomletea herufi.

Maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne yapunguze, maana hata anayebahatisha hupata robo. Na matokeo haya usiyaingize kwenye ripoti ya muhula, la sivyo wataanza kunakiliana.