"Bomba Dogo Lahitaji Bomba Kubwa": Istilahi na Hesabu ya Maji Yaliyopozwa Jengoni

Sentensi iliyomo katika mada ya makala hii ni kweli kihandisi, lakini msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuishangaa. Neno bomba lilikopwa kutoka Kireno, ambako maana yake ni chombo cha kusukuma au kuvuta maji. Katika Kiswahili maana ilipanuka, likawa pia jina la njia inayopitisha maji au moshi. Ndiyo maana yale ambayo Watanzania huyaita "maji ya bomba" kwa Wakenya wengi ni "maji ya mfereji". Katika mazungumzo ya kawaida utata huu haumdhuru mtu. Hudhuru pale mwanafunzi anapofundishwa kukadiria ukubwa wa mabomba yanayosambaza maji ya kupoza jengo, kwani hapo vitu vyote viwili vimo, na ukubwa wa kimoja huamua wa kingine. Katika makala hii, bomba ni njia ya maji; kisukumacho ni pampu.

Ichukuliwe kuwa jengo lina kilowati 350 za joto la kuondolewa. Mtambo wa kupoza hutoa maji ya nyuzi 7 za Selsiasi, nayo hurudi yakiwa na nyuzi 12 baada ya kufyonza joto la vyumbani. Lita moja ya maji huchukua takriban kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi inayopanda. Kwa tofauti ya nyuzi 5 itabeba kilojuli 21. Kugawa 350 kwa 21 hutoa lita 16.7 kwa sekunde. Huo ni mtiririko, wala si kasi. Ni rahisi mfasiri kuteleza hapa, ilhali mtiririko ule ule huenda kwa kasi tofauti kutegemea kipenyo cha bomba.

Ndani ya bomba lenye kipenyo cha milimita 125, maji hayo huenda mita 1.36 kwa sekunde. Ndani ya lile la milimita 100, mita 2.13. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo. Hata hivyo, mtiririko usipobadilika, shinikizo linalopotezwa na msuguano hufuata takriban kipeo cha tano cha uwiano wa vipenyo. Uwiano hapa ni 1.25, na kipeo chake cha tano ni karibu 3. Kwa hiyo, bomba jembamba hupoteza shinikizo takriban mara tatu kwa kila mita, na hasara hiyo hufidiwa na pampu, kwa umeme unaolipiwa muda wote jengo linapotumika. Bomba pana nalo lina gharama zake: chuma, kihami joto na vali kubwa zaidi.

Kimo cha jengo hakiongezi mzigo huu, jambo ambalo huwashangaza wengi. Mzunguko umefungwa, hivyo uzito wa maji yanayoshuka husawazisha ule wa yanayopanda. Pampu hupambana na msuguano tu.

Aidha, tofauti ya joto ikifanywa nyuzi 10, mtiririko hupungua kwa nusu na bomba la milimita 100 hutosha bila taabu, mradi vipoza hewa vya vyumbani viwe vimeundwa kwa tofauti hiyo.

Neno "dogo" nalo halikuwa salama, kwa kuwa bomba laweza kuwa dogo kwa urefu. Sentensi ile ingeandikwa hivi: bomba jembamba lahitaji pampu yenye nguvu zaidi.