Alizeti Ndani ya Fremu: Somo la Kutazama Picha

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika maktaba ya shule yetu, juu ya kabati la kamusi, imetundikwa picha ya maua ya alizeti katika fremu ya mbao yenye kioo. Kila mwanafunzi ameiona, lakini walioitazama ni wachache. Mimi mwenyewe nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilisema mbele ya wenzangu kwamba mchoraji huyu hakujua kazi, kwa kuwa baadhi ya maua yake yamekwisha kunyauka. Leo nakusudia kuyafuta maneno yale, na kueleza jinsi picha inavyosomwa.

1. Picha na mchoraji wake

Picha yetu ni nakala iliyopigwa chapa. Ile ya asili ilichorwa na Vincent van Gogh, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1853. Aliichora mwezi wa Agosti, 1888, katika mji wa Arles, kusini mwa Ufaransa. Wakati huo alikuwa akimngoja mchoraji mwenzake, Paul Gauguin, aje wakae pamoja, naye alitaka kuipamba nyumba kwa ajili ya mgeni wake. Alichora picha kadhaa za alizeti. Moja iliteketea huko Japani mwaka 1945, wakati wa vita. Hii tunayoizungumzia imo katika National Gallery, London, tangu mwaka 1924. Urefu wake ni sentimita 92 hivi, na upana 73. Van Gogh mwenyewe alifariki mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 37.

2. Mambo ya kutazama

Kwanza, hesabu maua: yapo 15, yote katika mtungi mmoja ulioandikwa jina la Vincent. Pili, tazama rangi. Maua ni ya njano, mtungi ni wa njano, meza ni ya njano, na hata ukuta ni wa njano. Hata hivyo hakuna kitu kinachopotea ndani ya kingine, kwa sababu kila njano ina ukali wake. Tatu, tafuta kivuli cha mtungi ukutani. Hukioni. Wachoraji wengi wa zamani wangekitia ili mtazamaji adhani anaona mtungi wa kweli. Hapa ndipo uchoraji wa kisasa ulipoachana na ule wa kale: mchoraji hashindani na kamera, bali huiacha rangi iseme.

Lakini maua yaliyonyauka yalinitatiza hadi likizo ya Juni mwaka jana, nilipokwenda nyumbani Kate kumsaidia mama kuvuna alizeti. Niliviruka vichwa vilivyoinama na kugeuka rangi ya kahawia. Mama akaniita.

"Mwanangu, mbona unaziacha hizo?"

"Mama, hizi zimekwisha kufa."

Akacheka, akasema, "Inayong'aa bado haina kitu. Iliyoinama ndiyo yenye mafuta."

Nikanyamaza. Mafuta hayo ndiyo yaliyoninunulia sanduku, godoro na sare ya shule, nami sikuwa nimejua yanatoka katika kichwa cha namna gani.

Niliporudi shuleni nilikwenda moja kwa moja maktabani. Nikaona kwamba katika mtungi ule limo ua lililochanua, lipo lililoanza kulegea, na yapo yaliyopukutisha petali zote yakabaki na mbegu. Mchoraji ameweka umri wote wa alizeti katika chombo kimoja. Nilichokiita kosa ndicho kilichokuwa maana ya picha.

3. Nakala si sawa na picha ya asili

Chukua lenzi ya maabara, uisogeze karibu na kioo. Utaona kwamba njano ile imefanywa kwa vitone vidogo vidogo. Mitambo ya chapa hutumia wino wa rangi nne: samawati, nyekundu, njano na nyeusi, na jicho letu huzichanganya likiwa mbali. Van Gogh hakutumia vitone hivyo. Alipaka rangi ya mafuta kwa unene juu ya turubai, hata njia ya brashi yaonekana. Kwa hiyo nakala hutupa sura na rangi, lakini unene haitupi. Hata hivyo tusiidharau, maana bila hiyo mtoto wa Ufipa angeionaje picha iliyoko London?

4. Kazi ya fremu na kioo

Tarehe 14 Oktoba, 2022, watu wawili waliopinga uchimbaji wa mafuta ya petroli waliimwagia picha ile ya London supu ya nyanya. Fremu iliharibika kidogo, lakini picha ilisalimika kwa sababu ya kioo.

Adui wa nakala yetu ni jua la alasiri. Muhula huu tulipewa ruhusa ya kuishusha na kuifungua ili tupanguse vumbi. Ukingo uliofichwa na mbao bado ni wa njano kali, bali sehemu ya katikati imefifia kama uji wa ulezi uliozidi maziwa. Kioo huzuia vumbi, lakini hakizuii mwanga wote. Hata picha za asili hazikusalimika: wanasayansi wameona kwamba baadhi ya rangi za njano alizotumia Van Gogh hugeuka kahawia kwa kupigwa na mwanga. Basi naomba kwa heshima picha yetu ihamishiwe ukuta usiofikiwa na jua, kabla ukingo ule haujawa shahidi pekee.

5. Nasi tuchore

Tusidhani kazi hii ni ya Wazungu tu. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alichora Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao, na namna yake ya kuchora yaitwa kwa jina lake hata leo. Mashamba ya Kate yamejaa alizeti, nazo zangoja mchoraji wao.

Zoezi

1. Tafuta katika picha ua moja changa na moja lililokomaa. Umeyatambuaje?
2. Kwa nini ukingo wa nakala yetu una rangi kuliko katikati?
3. Mwulize mzazi wako ni kitu gani shambani huonekana kibaya kinapokuwa tayari kwa kuvunwa. Kichore.