Msaada wa Hospitali na Dawati la Msichana

Mwalimu wetu wa jiografia alituuliza swali hili: nchi tajiri ikipunguza msaada wa hospitali, je, shule nazo zapata hasara? Karibu darasa zima tulijibu la. Nimelichunguza jambo hili wakati wa likizo, nami naona tulikosea.

Tutazame Uingereza. Tangu mwaka 2015 sheria ya huko ilitaka peni 70 katika kila pauni 100 za pato la nchi ziwe msaada kwa nchi nyingine. Ugonjwa wa korona ulipoingia pato likashuka, na Novemba 2020 serikali ikatangaza kwamba itatoa peni 50 tu. Peni 20 ni kitu kidogo mfukoni, walakini kwa nchi nzima ni kama pauni bilioni 4 kwa mwaka.

Na upunguzaji huo haukuwa sawasawa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, ambalo hupeleka dawa na vifaa vya uzazi wa mpango katika nchi maskini, lilikuwa likitazamia pauni milioni 154. Aprili 2021 likaambiwa litapata milioni 23 hivi. Kisha Julai mwaka ule ule Uingereza na Kenya zikaitisha mkutano mkubwa mjini London wa kuchangia elimu. Kwa kazi hiyo Uingereza ilikwisha kuahidi pauni milioni 430 kwa miaka mitano, na wasichana walitajwa kwanza.

Fedha hizo sizidharau hata kidogo. Lakini anayelipiwa darasa ndiye yule yule aliyenyimwa dawa.

Shule zetu zilifungwa Machi 2020, na wengi wetu tulirudi Januari 2021. Nilikuwa darasa la sita. Jirani yetu wa darasa la saba, aliyekuwa akinifundisha hesabu jioni, hakurudi, maana alikuwa mja mzito. (Hilo si kosa la Uingereza, yeye alipatwa kabla ya fedha kupunguzwa.) Serikali yaruhusu msichana arudi baada ya kujifungua, na mama yake alimwendea mwalimu mkuu mara mbili mpaka akapewa nafasi. Wiki ya kwanza mtoto akashikwa na homa, na zahanati haikuwa na dawa. Msichana akabaki nyumbani kumwuguza, na nafasi ikapita.

Februari 2025 Uingereza ilitangaza kwamba ifikapo mwaka 2027 itashuka mpaka peni 30.