Choo Kigumu na Biashara ya Kusafisha Tumbo

Mfamasia anajibu barua za wasomaji

Shikamoo daktari. Nimeuziwa dawa ya kusafisha tumbo, nimeambiwa niinywe kila mwezi ili kutoa uchafu ulioganda miaka mingi. Ni kweli? (Barua kadhaa za namna hii nimezijibu kwa pamoja.)

Marahaba. Mimi ni mfamasia, si daktari, ila hili nalijua vizuri: hakuna uchafu ulioganda tumboni mwako. Utando wa ndani wa utumbo hujibadilisha wenyewe kila baada ya siku chache, na hutoa ute unaofanya choo kiteleze. Daktari akipitisha kamera kwenye utumbo mpana mzima, anaona ukuta wa rangi ya waridi unaong'aa.

Mara nyingi mnachouziwa ni sanamaki au chumvi ya haluli, pamoja na vitu ambavyo muuzaji hataji. Mteja mmoja aliniwekea mezani chupa ya maji ya nusu lita, ndani kimiminika cha kahawia chenye mashapo. Haina jina, haina kipimo, haina tarehe. Alikuwa ameharisha usiku kucha, midomo imekauka, akisimama anapepesuka, na kila siku anameza dawa ya presha ya kukojoza. Mtu wa namna hiyo akiharishwa hupoteza maji na potasiamu, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Inaniuma kwamba alitoa pesa yake kwa ajili ya hilo.

Sasa sikiliza usichoambiwa na muuzaji. Dawa ya kuharisha huondoa karibu kila kilichomo kwenye utumbo mpana. Chakula cha leo huchukua siku moja hadi tatu kupita mwilini na kutoka kama choo. Kwa hiyo siku mbili zinazofuata hupati choo kwa sababu hakuna cha kutoka. Unadhani umefunga tena, unarudi kununua chupa nyingine. Hivyo ndivyo mtu mwenye tumbo zima anavyogeuzwa mteja wa kudumu.

Tangu jana sijapata choo. Ninywe nini?

Usinywe dawa yoyote. Kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki ni kawaida. Tatizo ni choo kigumu kama cha mbuzi, kujikamua, au kuhisi hakijaisha.

Nakula mboga, nakunywa maji mengi, lakini bado nateseka.

Mboga kiasi gani, na ugali wa nini? Vijiko viwili vya mchicha kando ya sembe iliyokobolewa havitoshi. Mtu mzima anahitaji walau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Hamia kwenye dona, ongeza maharage au kunde, kisamvu, papai, embe. Ongeza polepole, wiki hadi wiki, usije ukajaa gesi. Maji yanahitajika ili nyuzinyuzi zivimbe, lakini kama mwili haujapungukiwa, kunywa lita juu ya lita kutakupeleka kukojoa tu.

Na je, unakwenda msalani saa ngapi? Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana huanza kusukuma, hasa asubuhi. Wengi wenu saa hiyo mnakimbilia daladala, mnabana hadi jioni, na utumbo unaendelea kufyonza maji kwenye choo hicho. Amka mapema, kunywa uji, kaa msalani bila kujikamua. Mwenye choo cha kukaa aweke kigoda chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga.

Nina mimba. Vidonge vya damu vimenifunga choo, nimeviacha.

Mwanangu, virudie leo, kisha mweleze mkunga wako. Anaweza kukubadilishia aina au dozi. Laktulosi inafaa kwa mjamzito, ila huchukua siku moja hadi mbili. Kama unakula udongo, acha. Mafuta ya nyonyo usiyanywe: yanaweza kuamsha uchungu.

Maji ya sabuni kwa njia ya nyuma?

Hapana. Sabuni huunguza utumbo.

Chakula kimeshindwa. Niombe dawa gani dukani?

Bisakodili ya miligramu 5 usiku, imeze nzima, usiichanganye na maziwa. Utapata choo baada ya saa 6 hadi 12. Itumie siku chache tu. Kwanza taja dawa zako zote, kwa sababu kodeini na baadhi ya dawa za presha hufunga choo. Mgonjwa wa figo asiguse chumvi ya haluli wala maziwa ya magnesia.

Naona damu. Jirani amesema ni bawasiri, nanunua dawa ya kupaka.

Jirani alikupima? Nenda hospitali wiki hii. Nenda pia ukikonda bila sababu, au kama umefika miaka 50 na choo chako kimebadilika ghafla. Tumbo likivimba, ukatapika na hata upepo ukakataa kutoka, usisubiri kupambazuke.